Nakala kwa Mkurugenzi

Jumanne, 4 Machi
Asubuhi, hapa nyumbani ninapowaandikia watu barua, alinijia shemeji, mume wa dada yangu, fundi wa fremu za picha. Aliomba barua kwenda jumba la makumbusho: michoro mitatu ya ukumbi wa pili itolewe Ijumaa, ikasafishwe. Nikauliza kazi hiyo kaipataje. "Shemeji, wewe andika tu. Mlinzi akiona maneno yako mazito, atafungua mlango mwenyewe." Nimeiandika kwa taadhima inayostahili.

Jumatano, 5 Machi
Shemeji amechukua barua yake. Nakala nimeipeleka mwenyewe masijala ya makumbusho, kwa Mkurugenzi — kila barua ya ofisi huipelekea nakala kwa mkuu wake; ndivyo nilivyojifundisha, na sijapata kuacha. Karani ameipiga muhuri. Shemeji sikumwambia. Utaratibu hauhitaji kutangazwa.

Ijumaa, 7 Machi
Kumbe Mkurugenzi hakuagiza usafishaji wowote. Aliwaweka polisi ukumbini. Dereva wa shemeji amekamatwa na mchoro mkononi. Mlinzi mmoja ameangushwa ngazini, hajazinduka. Shemeji aliruka dirisha. Yuko stoo kwangu, mguu umevimba. Dada analia jikoni bila sauti. Nami, niliyejivunia kalamu safi, nimewaandikia wezi.

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji hali chakula. Anauliza jambo moja tu — nani aliwachoma kwa polisi? "Nikimjua, shemeji, hatashika kalamu wala kijiko." Nilikuwa nampelekea maji, yakamwagika. Akauliza nina nini. Uzee, nikamjibu. Nilianza barua kwa Mkuu wa Polisi. Nimeichana katika aya ya pili, kwa ajili ya dada na wanawe.

Jumapili, 9 Machi
Saa nne asubuhi, dada akiwa sokoni, karani wa masijala alisimama dirishani. Sikuwahi kumnyamazisha. "Mzee wangu, hongera. Ile nakala uliyotuletea ndiyo iliyowanasa. Mkurugenzi anataka kukupa mkono." Akaenda zake akipiga mluzi.

Mlango wa stoo, hatua mbili kutoka dirishani, ukafunguka.

Kisha shemeji akachechemea mpaka mezani. Amefunga mlango, ufunguo ameutia mfukoni. Amenisogezea kalamu kwa adabu, kama mteja.

"Mwandikie dada yako. Mwambie umesafiri, hujui utarudi lini. Na hii, shemeji, haina nakala."

Nimemwomba muda wa kupanga maneno. Ameketi mbele yangu, ananitazama mkono. Anadhani barua hiyo ndiyo ninayoiandika humu.