Majina Niliyoyanakili

Kibiti, 11 Julai 1998

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Bibi hapo Chumbi miguu inamwendeaje? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Nimesikia Mjomba Shaban amekurudisha kwenu, kisa yule wakala wa dawa aliyefika Maparoni akasoma hadharani majina ya wanawake wanaochomwa sindano za uzazi wa mpango, apate kuwauzia vidonge. Watu wanauliza majina kayatoa wapi.

Aliyatoa kwangu. Likizo ya Desemba nilikuwa nanakili daftari la zahanati, kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri. Yule wakala akaomba nakala ya Kiingereza, akanipa kamusi iwe yangu. Jina lako nililiona, la kumi na nne. Nikaliandika vizuri kuliko yote, kwa kuwa ni lako.

Sasa wilaya imekataza orodha za wagonjwa kutolewa, lakini afisa wa huko anataka aliyeumizwa alalamike kwa jina, ndipo wakala achukuliwe hatua. Nakuomba uandike. Mimi naogopa kufukuzwa shule.

Mwanao,
Johari

Chumbi, 25 Julai 1998

Mwanangu Johari,

Marahaba. Bibi hajambo, miguu ndiyo ile ile. Barua yako nimeisoma jikoni nikaitia motoni.

Watoto sita nimezaa, wa mwisho nusura aniue. Kumficha mume wangu ni kosa langu, sikutwishi. Lakini yule mtu alinadi pale bandarini, "Rukaiya Mfaume yupo?" Nami mjinga nikaitika, nikidhani nina barua. Wewe unataka jina langu linadiwe tena wilayani?

Langu limetembea vya kutosha. Lako bado liko nyumbani.

Shangazi yako

Kibiti, 8 Agosti 1998

Shangazi,

Shikamoo. Nimekwenda. Afisa akauliza mlalamikaji nani. Nikasema hayupo, yupo mkosaji. Akasema fomu haina nafasi ya mkosaji kujileta. Nikaandika pembeni jina langu, shule na kidato.

Wakala amefungiwa biashara, orodha imechomwa mbele yangu. Nikafurahi kidogo, kisha nikakumbuka kuwa Maparoni hakuna asiyejua.

Shule wamenisimamisha mpaka Oktoba. Nataka kuja kumchotea Bibi maji. Ijumaa nitavuka mto pale Ndundu. Nisipokuta mtu wako ng'ambo, nitarudi na kivuko hicho hicho, wala sitauliza.

Johari