Telegramu Usiitupe

Onduparaka, Arua,
14 Aprili 1974

Mpendwa shemeji Onzima,

Pokea salamu za nyumba hii, nyingi hata basi la Jinja litalalamika kuzibeba. Habari ya afya? Kile kifua kimepona? Paska hajambo? Sisi huku ni wazima. Dada yako Filda ananenepa, Elise na Camille wanakula kama askari, na mimi ni yule yule Jacques uliyemwachia dada, mtu wa Bunia, wa Kisangani, wa Juba, mwenye kusema lugha sita na kuandika moja na nusu.

Tunazidi kukupa pole ya mama. Najua inakuuma kwamba telegramu ilikufikia mazishi yamekwisha. Alizikwa vizuri pale kwenu Logiri, karibu na baba, na watu walijaa. Usijilaumu. Wa kulaumiwa yuko, na ndiye anayeshika kalamu hii.

Shemeji, mdogo wako Mindra amefukuzwa kazi kwenye kinu cha mafuta ya simsim. Miaka tisa amekamua mafuta pale, tangu wakati wa mwenye kinu wa zamani mpaka huyu bosi wetu wa sasa. Kosa lake ni kumzika mama.

Wewe ukiwa mbali, yeye ndiye aliyesimama kama mtoto mkubwa. Unajua desturi ya kwenu: akifa mama, msiba haufungwi mpaka watu wa kwao wafike na waridhike. Nao wako ng'ambo ya mpaka, Wakongo wenzangu hao, watu wasiojua haraka ni nini. Siku tatu zikawa nane. Mindra aliniomba siku ile ya kwanza, "Shemeji, niandikie barua ya ruhusa, wewe ndiyo unajua kalamu." Nikamcheka. "Barua ya nini? Bosi iko rafiki yangu! Mimi nabeba simsim yake toka Koboko kila juma, tunakula sahani moja. Wewe kaa na mama."

Na kweli nilimwambia bosi. Siku ile ile, Jumamosi, uwanjani hapa Onduparaka, watu wanapigia mpira kelele, nikamwambia Mindra yuko matangani. Akacheka. "Akae tu! Hao watu ya Logiri wakianza kulia hawajui kumaliza." Nikaona mambo yamekwisha. Kumbe siku ya tano mpwa wa bosi alikuwa ameshashika kazi ya Mindra. Siku ya tisa Mindra aliporudi akapewa kadi yake ya kazi, imeandikwa kwa wino mwekundu: alitoroka kazi.

Tukapanda Arua Hill kwa ofisa wa kazi. Bosi akaapa kwamba hakuambiwa na mtu. Ofisa akanigeukia mimi, "Dereva, ulimwambia au hukumwambia?" Shemeji, bosi alikuwa anazungusha funguo za lori kidoleni. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nikasema, "Bwana ofisa, mdomo wangu mimi ni redio, unasema toka asubuhi mpaka jioni. Nitakumbuka lipi?" Wakacheka wote. Ofisa alicheka mpaka akafuta macho, kisha akafunga faili. Mindra peke yake hakucheka. Aliangalia viatu vyangu.

Filda aliposikia, aliniwekea chakula bila kusema neno, na unajua dada yako anavyopenda kusema. Siku kumi nyumba ilikuwa hivyo. Ndipo nikapanda tena kule juu, peke yangu, nikaeleza yote. Ofisa aliandika, halafu akaniambia jambo ambalo mpaka leo linanikaa kooni. "Hata ungesema siku ile, sheria haina nguvu ya kumrudisha kazini. Tajiri akitaka kumwacha mtu, anamwacha, mradi atoe notisi. Lakini hilo neno 'alitoroka' ningelifuta."

Basi hiyo ndiyo sheria yenyewe, shemeji. Mimi nilidhani ni kitu kikubwa. Ni kidogo tu, tena hicho kidogo nilikuwa nacho mdomoni nikakimeza. Sasa kila mahali Mindra anapoomba kazi wanasoma ule wino mwekundu, wanamrudishia kadi. Hata mwoka mikate amemrudishia.

Ofisa anataka karatasi ya siku zile zile, si maneno. Nikakumbuka ile telegramu ya msiba niliyokutumia. Unajua mimi siwezi kutuma maneno machache kama watu wengine. Mwishoni niliongeza, kwa kujionyesha tu: BOSI AMEKUBALI NIMEMWAMBIA MIMI MWENYEWE. Ina tarehe na muhuri wa posta. Ofisa aliweka kalamu chini. "Ilete." Tafadhali, kama umeitunza, mpe dereva wa basi mkononi, usiipitishe posta. Kama Paska aliiwashia jiko, niambie ukweli, nitavumilia.

Bosi alipata habari siku ile ile. Jioni akachukua funguo. Miaka sita ya lori, na sikupewa hata nusu karatasi. Sikupanda kulalamika, maana jibu nalijua tayari.

Nikaenda Logiri kumwambia Mindra. Nilikuwa nimemtengenezea na kichekesho njiani. Nikamkuta analima shamba la karanga, nikasema tu, "Shemeji, sasa tuko wawili." Akaingia ndani, akatoka na jembe la marehemu mama, lile la mpini mfupi, akanipa, akanionyesha kwa kidole upande wangu wa shamba. Tunalima pamoja hadi leo, bila maneno. Mgongo wangu, shemeji! Lakini naenda.

Msalimie sana Paska na watoto, na mzee Saturnino wa jirani. Filda na wanetu wanakukumbatia. Mungu akulinde kazini kwako, na kila ruhusa utakayopewa, omba iandikwe.

Mindra hakunipa salamu za kukuletea. Ila leo, nikiweka jembe chini ili nije kuandika, aliniuliza, "Ile telegramu utaitaja?" Ni neno lake la kwanza kwangu tangu siku ya ofisi.

Wako akupendaye na mwenye kukuonea haya,
Jacques