Nyaya Ulizonirudishia Guniani

Kuze, Mombasa

Kwako Baba Mwadime, mume wangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Mwaonaje hali huko juu? Kifua chako kimepoa baada ya ule moshi, au bado unakohoa alfajiri? Usinifiche. Chemsha maji, utie majani ya mkaratusi, ujifunike blanketi mpaka utoke jasho. Na Wakesho je, anakula vizuri, au anakwenda shule na chai tupu tumboni? Sisi huku tuko hai. Nikisema wazima nitakuwa nakudanganya.

Naandika kwa sababu simu unaikata. Nikifika tu kwenye jina la mwanetu Mwadime, unasema mtandao mbaya. Unajua shule yangu ilikuwa fupi, kwa hiyo pale nilipokosea wewe soma tu, utanielewa. Barua nimempa dereva wa basi, yule yule uliyempa gunia.

Niliposikia gari limefuka moshi ukiwa ndani, katikati ya ukungu, na kabichi zote nyuma, nilikuwa jikoni kwa tajiri wangu Kizingo namenya vitunguu. Nilikaa chini sakafuni puu. Mama mwenye nyumba akadhani nimejikata na kisu. Nilimshukuru Mungu kwamba umetoka mzima, na mpaka leo namshukuru. Gari ni chuma tu. Lakini kushukuru hakujaniondolea uchungu, Baba Mwadime, na huu uchungu umenipa wewe.

Unakumbuka ulivyokuja kufungiwa zile taa za ukungu. Gari haliingii kwenye vichochoro vyetu, ukaliacha kule barabarani. Mwadime akachukua kamba ya katani, akapima kutoka kwenye betri mpaka kwenye taa, na kutoka kwenye taa mpaka kwenye swichi, kila mahali pa kupinda akafunga fundo, akaja nayo chumbani akaitandaza mkekani. Juu ya kamba ile ndipo alipopanga nyaya zake zote, mimi nimemshikia ncha. Wewe ulikuwa barazani na Bi Zuhura mwenye nyumba wetu, unakunywa chai ya tangawizi, unatuchungulia dirishani.

"Fundi, huyo unayemsuka ni nani, bi harusi?" ukamwuliza.

"Ni gari lako, baba. Halijawahi kusukwa tangu linunuliwe."

Bi Zuhura akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwate mwanao, usimchokoze," akakwambia, "kazi yuwaijua huyu."

Mimi nikamwuliza mtoto mbona nyaya zote hizi kwa taa mbili. Akanieleza polepole. "Mama, swichi ni kitu kidogo. Moto wote wa taa ukipita hapo, itayeyuka. Kwa hiyo swichi yenyewe inapiga hodi tu. Hiki kidude kinaitwa rilei, ndicho kinachofungua mlango, halafu moto unatoka kwenye betri kwa waya mnene, unapita kwenye fyuzi, inayokatika moto ukizidi, unakwenda kwenye taa." Tulipokwenda kufunga garini akakuita, akabonyeza swichi, kidude kikalia tik, taa zikawaka kama macho ya paka. Akakwambia nikiwa nimesimama hapo, "Baba, siku zikigoma usiguse kitu. Nipigie." Ukasema sawa. Nilikusikia kwa masikio yangu.

Halafu likaja lile gunia. Dereva akanikabidhi na maneno yako, "Mpe fundi wako kazi yake." Ndani nyaya nyeusi tii, zimeyeyuka zikashikana. Mwadime alizimwaga kwenye mkeka ule ule, akaanza kuzitenganisha kwa kisu. Mimi ndiye niliyeuliza, rilei iko wapi? Haikuwepo. Ule waya mwembamba wa swichi umeungwa na waya mnene wa taa moja kwa moja, na mahali pa fyuzi pamepachikwa kipande cha msumari. Kiungo chenyewe, upande ambao haukuungua, kimefungwa kwa utepe wa mpira wa tyubu, umezungushwa na kukazwa, ncha imepitishwa chini.

Baba Mwadime, mimi nimekaa na wewe. Mpini wa jembe langu umeufunga hivyo. Lango la mbuzi umelifunga hivyo. Mguu wa kitanda chetu umeufunga hivyo hivyo, na haujalegea mpaka leo. Mwadime anaunga kwa risasi ya kuchomea, juu anazungusha tepu, mpira wa tyubu hana hata kipande. Kwenye boma letu anayefunga namna ile ni nani? Alikuwa marehemu babako, na sasa ni wewe.

Mtoto alikigusa kile kiungo kwa kidole, akakitazama. Nikamwambia tumpigie babako sasa hivi. Akanishika mkono.

"Mwache, mama."

"Nimwache vipi na amekuchafua kwa watu?"

"Labda zilimgomea njiani na ukungu umeziba. Alikuwa anawahi soko. Angefanya nini?"

"Angekupigia! Si ulimwambia?"

"Kwenye zile kona hakuna mtandao, mama." Akaanza kurudisha kila kitu guniani. "Na ukimwambia, atajua kwamba mimi najua. Ataniangalia vipi?"

Hapo ndipo nilipolia. Mtoto anakutunzia heshima yako, na ya kwake wewe umeianika kanisani. Nasikia ulisimama baada ya ibada, watu bado hawajatawanyika, ukasema kijana wako wa Mombasa kakuunguzia gari kwa ufundi wa kuokoteza. Ndugu yangu Mwakio, ambaye alikuwa alete gari lake lifungwe taa kama zako, akanipigia: "Dada, mimi gari langu bado nalihitaji." Akacheka. Na watu wa kwetu wanaofanya kazi hapa bandarini, ndio waliokuwa wakimletea magari yao, habari wamezipata zote. Wakimwona njiani wanamsalimu vizuri, gari hawaleti.

Sasa asubuhi anakwenda Kilindini, anasimama getini na wenzake wakingojea kuchaguliwa wakapakue mizigo. Siku nyingine anachaguliwa, siku nyingine anarudi na viatu vyake tu, mfuko mtupu. Vifaa vyake amevitia kwenye ndoo, akavifunika kwa shati la kazi, akavisukuma chini ya kitanda. Juzi taa ya Bi Zuhura ya mlangoni ilikufa, bibi wa watu akamwita. Akamjibu, "Tafuta fundi, bibi." Bi Zuhura akanigeukia, "Kwani huyu si fundi? Ama ameposwa, ndiyo yuwajificha kama mwari?" Siku zote Mwadime na huyo bibi hutaniana mpaka nawakemea. Safari hii akaingia ndani, akafunga mlango.

Hajui kama nakuandikia. Akijua atanikasirikia, na akasirike.

Nataka kitu kimoja kwako. Pale uliposimama, simama tena, watu wale wale wakiwepo, useme ulichokifungua na ulichokifunga. Maneno mawili yanatosha. Sitaki umpigie mtoto magoti, hata mimi nisingependa kuona hivyo. Lakini kama huwezi, Krismasi msitutazamie. Yeye ameshasema haji, na mimi sitaweza kuwapakulia pilau watu wanaomcheka mwanangu. Mamako akiuliza mbona sahani zetu hazipo, utamjibu wewe.

Nisalimie huyo mamako, mwambie mafuta ya miguu nitamtumia, asikae kwenye baridi ya mlangoni. Nisalimie shemeji yangu Mwandoe, mkamuaji wetu, asinywe maziwa yote. Mbusu Wakesho, mwambie sare yake naishona. Nawe ulale mapema, na hicho kifua ukifunike. Mimi bado ni mkeo, nakuombea kila nikilala, hata hivi nilivyo na hasira.

Ukimaliza kusoma, usinipigie mimi. Mpigie yeye, na uanze wewe kusema.

Ni mimi,
Mama Mwadime