Nitafutie Inayofagia na Kunyamaza

Mwanangu mtaalamu,

Chai iko kwenye chupa. Anua nguo kabla ya mvua. Halafu, kabla hujagusa sufuria, keti kwenye kompyuta yangu ya michoro.

Ile programu ya kusafisha kompyuta uliyoniwekea ~~itoe kabisa~~ hapana, kazi inaifanya. Nitafutie tu toleo lake jepesi, linalofagia na kunyamaza. Sitaki ving'ora, matangazo, wala habari za hali ya hewa. Nilikuomba ufagio, ukaniletea bwana afya!

Asubuhi nilikuwa namwonyesha bibi harusi mchoro wa gauni lake, mama mkwe wake kasimama nyuma, kanuna. Ghafla kioo kikawa chekundu, mashine ikapiga kelele: "Takataka nyingi zimegunduliwa! Ondoa sasa!"

Mama mkwe akakusanya kitambaa chao. "Hata mashine imeona," akasema. "Twende kwa fundi mwingine."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini bibi harusi alicheka mpaka akakaa chini, nami nikafuata, tukashikana kama walevi. "Mama, gauni hilo hilo ndilo ninalolitaka," akamwambia mkwewe.

Mama mkwe bado hajakubali. Wanarudi jioni kuangalia tena, na hii ndiyo kazi yangu kubwa ya kwanza tangu kibanda changu cha kushonea kiungue, kwa hiyo usinichezee. Nimetoka kununua uzi.

Wakifika kabla yangu, wakaribishe, tabasamu, na usithubutu kusema programu uliiweka wewe. Nimewaambia aliyeiweka ni baba yako. Mwenyewe hajui bado.

Mama