Injini Inawaka, Mayu Anasalimia

Jumatatu, 3 Juni

Gari limewaka kwa ufunguo alfajiri. Asubuhi huwa halina neno. Likishapata moto ndiyo kesi. Stata imechoka tangu Aprili: ikiwa baridi inashika, ikiwa ya moto inalia tik, basi. Hapo ni kusukuma.

Lamadi kuchukua dagaa, magunia manne. Kurudi Bariadi. Kisha vijiji vya Ngulyati, nyumba kwa nyumba. Mama mkwe, Mayu tunavyomwita Kisukuma, kiti cha nyuma, kimya. Pikapu yake, dagaa wake, na mke wangu Kabula ni binti yake. Mimi dereva tu. Kioo cha ndani nimekigeuza kinatazama paa, maana kwetu mkwe hamkodolei macho mama wa mkewe. Hali naye, hamshiki mkono, hambishii. Mwaka wa pili naendesha hivi. Shingo imeshazoea.

Akishuka kusalimia wateja wake sizimi injini. Nikizima na likagoma, nani atasukuma? Yeye? Heri ardhi inimeze.

Leo nyumba nne. Kila moja salamu zote za Kisukuma: mwangaluka, mhola, watoto, ng'ombe, pamba imetoka vipi, yule mgonjwa kapona? Ndipo debe la dagaa lipimwe. Injini inanguruma, mimi ndani natoka jasho. Nimechoka.

Jumatano, 5 Juni

Shemeji Shija amekuja kutoka Mwanza. Kaka yake Kabula, mtu wa kompyuta. Viatu vyeupe. Amekagua daftari la mafuta la mama yake, akatikisa kichwa, akaomba simu yangu. Simu yangu mimi, niliyonunua mwenyewe.

Ameweka programu. Unaingiza lita ulizotia, yenyewe inapima mwendo kwa satelaiti, inakupa jibu: kilomita ngapi kwa lita moja. Jibu linamfikia na yeye Mwanza. Eti ni kwa faida yetu sote. "Si kwamba tunakushuku, shemeji." Nani alikuwa amesema neno kushuku?

Simu sasa inakaa dashibodini, uso kwangu. Mama nyuma, mtoto mbele.

Ijumaa, 7 Juni

Programu yenyewe haijielewi. Juzi imesema kumi na nne. Jana sita. Leo tisa. Gari lile lile, mimi yule yule.

Nimekaa nayo mchana mzima, nimejua ugonjwa wake. Inataka kila ukitia mafuta ujaze tenki mpaka mdomoni, ndipo ijue yaliyoungua. Mayu hajazi tenki hata siku moja. Anatia lita za safari ya leo, kesho ni ya kesho. Basi inakisia. Halafu njiani simu ikijizima mwanga na yenyewe inalala. Kwenda na kurudi Lamadi simu imekosa kilomita kumi na moja zilizoko kwenye dashibodi. Tumeruka angani?

Nimempigia Shija nikamweleza. Kasema usijali, wastani utajirekebisha. Wastani! Neno la mtu asiyekuwepo.

Jumapili, 9 Juni

Kumbe programu inachora na ramani. Kila tuliposimama inaweka nukta nyekundu na dakika zake. Shija amepiga simu tukitoka kanisani. Dakika arobaini na nne nje ya barabara, kichakani. Kesho yake thelathini na nane, kichaka kingine. Akauliza kwa upole, na huo upole ndio ulioniuma: "Shemeji, hapo ndipo dumu linaposhushwa?"

Damu ilinipanda. Nikamwambia muulize mama yako. Akamuuliza. Mayu akajibu, tulisimama kusalimia tu, kidogo.

Kidogo! Na hasemi uongo. Kwake ni kidogo.

Mchana nilimbana Kabula. Kwani habari ya stata niliyokutuma Aprili kwa mama yako, alijibu nini? Akaangalia chini. Hakuipeleka. Aliona aibu, gari tulikabidhiwa zima. Nikamwambia basi ipeleke leo, na umwambie mafuta yanaungua yeye akiwa ndani kwa watu anasalimia. Kabula akaacha kuchambua mboga. "Nimwambie mama salamu zake zinakunywa mafuta? Bora wakuite mwizi kuliko wakuite mkwe asiye na adabu. Mwizi husamehewa."

Nilitoka nje. Nilizunguka lile gari kama mara tano hivi.

Jumatano, 12 Juni

Shija amerudi kufanya jaribio. Sawasawa kabisa, siwezi kumlaumu. Tumejaza tenki mpaka mdomoni. Akaendesha mwenyewe hadi Lamadi, mimi pembeni, simu imechomekwa chaji isilale. Lami tupu, gari tupu, hakuna kusimama. Tukala sato pale, tukakaa, injini ikapoa. Tukarudi. Tukajaza tena mpaka mdomoni kwenye sheli ile ile, pampu ile ile.

Nilikuwa nimengoja hapo. Nilijua likizimwa la moto litagoma, na mwenyewe ataona kwa macho yake. Akazima. Kisha akakaa kibandani na soda, akapiga simu za Mwanza karibu saa nzima. Alipokuja kugusa ufunguo, likawaka kama jipya. Gari nalo linanichukia.

Nilisema habari ya stata. Akaniangalia vile mtu anavyomwangalia mtoto anayesingizia paka. "Mbona kwangu imewaka mara tatu?"

Kwake kilomita kumi na moja na nusu kwa lita. Kwangu wastani wa saba. Safari hii programu haikukosea popote. Hilo ndilo linaloniua.

Amesema Jumamosi nirudishe ufunguo. Ataleta dereva kutoka Mwanza.

Alhamisi, 13 Juni

Nikiacha kazi leo, nimekiri. Nikingoja Jumamosi, nimefukuzwa. Nikisema ukweli, nimemtukana mama mkwe. Nikinyamaza, mimi mwizi wa mafuta, na Bariadi ni ndogo, kesho kutwa nani atanipa gari?

Siko jela lakini sioni mlango.

Ijumaa, 14 Juni

Nimefanya ujinga. Niuandike, labda utapungua.

Nimenunua lita tatu kwa hela yangu. Nikasema nizitie kimyakimya, nisiziingize kwenye simu, walau kesho hesabu ya mwisho ipande niondoke na jina. Mwizi anayerudisha asichoiba. Dumu nililiokota bandani, la zamani, sikuliosha.

Nimeinama kwenye tenki nyuma ya nyumba ya Mayu, dumu mkononi, mpira mdomoni mwa tenki. Nikahisi mtu. Mama mkwe kasimama kwenye kona na ungo wake. Aliliangalia dumu. Aliuangalia mpira. Akageuka akarudi ndani.

Ningesema nini? Kwamba yanaingia, hayatoki? Mtu anayenyonya na anayemimina wanainama sawasawa.

Sijala. Kabula anadhani naumwa.

Jumamosi, 15 Juni

Safari ya mwisho. Ngulyati. Mimi na Mayu hatukuguna hata mara moja tangu Bariadi. Nilikuwa nimeshaliosha gari, nimetoa mpaka kitambaa changu.

Nyumba tatu za kwanza kama kawaida. Yeye ndani, injini inawaka. Nilikuwa sijali tena, liungue lote. Nyumba ya nne ni ile ya mbugani, tambarare tupu, udongo mweusi umepasuka, mlima wala mteremko huuoni. Watu wote wameenda kuchuma pamba. Yupo bibi mmoja na wajukuu watatu wadogo. Magunia yameisha, Mayu yuko ndani anasalimia.

Injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikazima.

Uchafu wa dumu langu, sina shaka. Nikageuza ufunguo. Tik. Nikageuza tena. Tik.

Kimya kile sijawahi kukisikia. Hata kuku walinyamaza. Mayu akatoka mlangoni, akasimama. Nikashuka, macho chini, nikaanza kusukuma peke yangu kwenye fremu ya mlango, mkono mmoja kwenye usukani. Gari likasogea hatua moja, likarudi. Nikasukuma tena. Nilikuwa karibu kulia, niandike tu, nilikuwa nalia.

Halafu likawa jepesi.

Nikatazama kioo cha pembeni. Mama mkwe amefunga khanga kiunoni, amevua ndala, mabega yote mawili yako nyuma ya pikapu. Bibi wa watu upande wa pili, wajukuu katikati wanacheka. Uso wa Mayu mzima umo kwenye kioo changu. Umekunjamana, meno nje, vumbi kwenye nyusi. Miaka saba nimeoa kwake sijawahi kuuona uso huo hivyo. Ana kovu dogo juu ya jicho, sikulijua.

Nikaruka ndani, gia ya pili, nikaachia klachi. Likawaka.

Akapanda nyuma anahema. Nilitaka kufa. Tulienda mpaka tulipoikuta barabara kubwa ndipo akasema, Kisukuma, kama anaongea na dirisha: "Tangu lini?"

"Tangu Aprili, Mayu. Likiwa la moto haliwaki."

Niliona lori la pamba likitupita, na jingine.

"Na lile dumu la jana?"

"Nilikuwa natia, Mayu."

Kisha: "Mimi nilidhani unaniharakisha. Kila nikiingia kwa watu unaniungurumia nje. Nikasema huyu mkwe ananifukuza kwenye salamu. Basi nikawa nakaa zaidi, makusudi, ujifunze."

Mimi naungurumisha kumstahi yeye, yeye anakaa kunifundisha mimi adabu, na katikati mafuta yanaungua. Programu gani itapima hilo?

Niliacha ufunguo msumarini, ndani ya mlango wake. Nikarudi kwangu kwa miguu.

Jumapili, 16 Juni

Ufunguo umeletwa na Kabula. Na ujumbe: kesho gari liende kwa fundi, stata mpya, kisha Lamadi kama kawaida. Shija ameambiwa stata imekufa jana. Jana! Na kwamba dereva habadilishwi.

Kabula anauliza kulitokea nini huko. Sijamwambia. Mayu naye hajamwambia, na najua hatamwambia mtu. Mama mkwe kumsukumia gari mkwewe si habari ya kusimuliwa. Aibu ni ya kwake na ni ya kwangu, tumeigawana.

Kwa hiyo sijafukuzwa. Ila sijasafishwa pia. Shija anadhani mama yake kamhurumia binti.

Jumatano, 26 Juni

Stata mpya ni tamu. Ya moto, ya baridi, inashika. Nazima kila nyumba. Mayu naye kasema tutakuwa tunajaza tenki, kwa nini sijui, sikumuuliza. Programu inasoma kumi, kumi na robo, kumi na moja kasoro. Kila siku karibu sawa.

Jioni ujumbe wa Shija umeingia. "Hongera shemeji! Wastani umepanda. Ndiyo faida ya teknolojia, mtu akijua anaonekana anaacha." Na kicheko mwishoni.

Nimeusoma labda mara kumi. Anaacha. Kila lita ninayookoa sasa ni ushahidi kwamba nilikuwa naiba. Nikiendesha vizuri ndivyo ninavyozidi kuwa mwizi wa zamani. Jamani, mtu atokee wapi hapa?



Jumamosi, 29 Juni

Ngulyati. Jua la wastani, upepo wa vumbi. Siku hizi Mayu ana tabia mpya: tukifika hafungui mlango mpaka nizime. Anangoja. Nikizima ndipo anashuka.

Nyumba ya kwanza, wanawake wengi, wamekuja kupima dagaa. Nilibaki kwenye usukani. Dirisha la nyumba liko wazi, hatua chache tu. Siku zote hizi sijawahi kusikia kinachosemwa ndani, injini ilikuwa inaficha. Leo nikasikia yote. Mwangaluka, mhola, ng'ombe, pamba. Mmoja akamuuliza kwa utani, mbona leo gari lako limetulia, mkwe wako yuko wapi?

Mayu akajibu Kisukuma, polepole, kwa sauti kubwa kuliko ya chumba kile, sauti ya mtu anayejua dirisha liko wazi na nani yuko nje.

"Yupo nje. Miaka miwili ananiendesha. Hajanichukulia hata tone."

Wakaitikia wote. Kisha wakarudi kwenye dagaa, debe likagonga sakafu.

Sikugeuza kichwa. Niliangalia mbele, mikono kwenye usukani, mpaka macho yakakauka. Alitoka akapanda, nikawasha, tukaenda nyumba ya pili.

Simu ilikuwa dashibodini. Ilikuwa imeandika: gari limesimama, dakika hamsini na mbili.