Puce ya Machine ya Moyo

Butembo

Yaya Léa,

Salimia batoto kule Kampala. Huku maharagwe ya Musienene imeanza kuingia soko, na Mama anakula vizuri.

Uliuliza utume puce gani, kale kadude kadogo ka ndani, ya hii machine ya kupima moyo yenye nilijitengenezea. Tuma ile ya pili, yenye inasema kama waya imetoka ku mwili. Ile nilichagua mimi inaonyeshaka moyo tu. Waya ikitoka, inanyamaza.

Yaya, utasikia kwa batu bengine, afazali usikie kwangu. Juzi Mama alikuwa na homa, nikamufunga waya ku kifua. Muke wangu Katungu alikuwa amemupaka mawese pale, sababu ya kikohozi. Waya ikateleza. Ku kioo ya machine mustari ya moyo ikalala sawa, na Mama alikuwa amefunga macho. Unajua vile tulifundishwa hapa wakati ya Ebola: mutu akikufa, usimuguse. Basi sikumugusa. Nikatosha batu wote inje, nikafunga mulango, nikaita bamama ba kanisa. Bakakuja na kilio.

Katikati ya kilio tukasikia sauti ya Mama ndani: "Nani amekufa?"

Hapana mutu alicheka. Nilipofungua, akaniangalia. "Kitsa, mimi nilikuzaa. Ulishindwa kuweka mukono yako hapa?"

Sasa akikohoa, anaita Katungu.

Puce, wewe utatuma. Lakini hii mukono yangu, sijue nitaipeleka kwake namna gani.

Mudogo wako,
Kitsa