Togwa Niliyoikataa Murungu

Kasulu, 14 Juni

Kwa Shadia,

Salamu. Natumaini u mzima, na goti la mama yako, Bi Zuhra, limepata nafuu. Mimi mwili mzima, sikio ndilo linalonisumbua. Tangu tutoke Murungu linasikia kikombe cha bati kikirudishwa juu ya kigoda.

Wewe hukukisikia, ulikuwa ukitazama saa. Ilikuwa nyumba ya saba, kwa Bi Rosa. Alituletea togwa, akaonja kwanza yeye tuone haina kitu, kisha akaninyooshea. Kwetu, anayekataa kikombe kilichokwisha kuonjwa amemwita mwenyeji mchawi bila kufungua mdomo. Nikakataa, kama ulivyotufunza. Njiani ukanisifu. Ulisema utafiti si harusi, hatukuja kula. Mtafiti ni mizani, haina shangazi wala hasimu.

Baada ya hapo kila swali Bi Rosa alijibu hajui. Hajui ukubwa wa shamba lake, hajui idadi ya wanawe. Tulipofika nyumba ya nane habari zilikwisha kutangulia, na huko nako hawakujua kitu. Nami nikaweka alama ya “hajui” tu kwenye fomu.

Sasa nimesoma rasimu yako ya ripoti: kaya zenye asili ya ukimbizi zina desturi ya kuficha taarifa. Desturi, Shadia! Tumewatukana, wakanyamaza, ukaandika kunyamaza ni tabia yao. Na swali la kwanza, kabla ya jembe na watoto, lilikuwa walitoka wapi. Watu wenye uraia, waliozaa na kuzika hapa! Nani aliliweka mbele? Mizani haichagui cha kupima. Ulichagua wewe, kisha ukajificha nyuma yake.

Ila mwenye aibu kubwa ni mimi. Bi Rosa ni mama yangu mdogo. Alinilea hapa Kasulu kabla hajahamia Murungu. Nilijua ungeniondoa kwenye timu kwa kuwa na ndugu kijijini, basi nikamwamkia kama nisiyemjua. Akaelewa. Mtoto aliyemlisha kwa mkono wake, akamwonjea kama mgeni.

Jumamosi nilirudi, nikapiga magoti, nikaomba kikombe. Hakuharakisha. Alisema kumbe chuo kilinifunga mdomo kwanza, ndipo kikanipa kalamu. Kisha akaonja, akanipa, nikanywa mpaka chini. Nilipomsomea ulichoandika, akauliza zile fomu tulizojaza ni zako au ni za waliohojiwa. Nikamsomea fomu ya ridhaa, maneno yako mwenyewe: mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote. Akaniambia basi niwasomee na majirani.

Nisalimie Bi Zuhra, na Nurudini dereva wetu, ambaye kila nyumba alikunywa na kila nyumba aliagwa kwa jina. Fomu za kaya kumi na tisa usizitafute kabatini. Wenyewe wamejitoa, kwa saini na kwa dole gumba, nami nimewarudishia mkononi. Barua yangu ya kukiri undugu iko kwenye kamati ya maadili ya chuo tangu Jumatatu.

Aliyekuwa msaidizi wako,
Ange Nduwayezu